Aliyekuomba uzime ulinzi ni nani?

Tangu safu hii ianze kupokea maswali yahusuyo kompyuta za nyumbani, hakuna swali lililotufikia mara nyingi kama hili: je, inafaa kuizima au kuiondoa antivairasi? Wengine huuliza kwa haya, kama mtu aombaye ruhusa ya kuvunja ada. Wengine wameshaiondoa, na wanachotaka ni kuambiwa tu kwamba hawakukosea. Kwa muda mrefu tumekuwa tukijibu kwa mistari miwili mitatu. Juma hili tumeona vema tukae nalo kitako, kwa sababu tumetoka Nyashimo, na tuliyoyakuta huko katika nyumba moja yametulazimisha kuyapima upya majibu yetu wenyewe.

Nyashimo ni makao makuu ya Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, katika barabara kuu itokayo Mwanza kuelekea Musoma na Sirari. Ukishaipita Magu waikuta kabla hujafika Lamadi. Nyumba tuliyofikia iko hatua chache tu kutoka barabarani. Baba ni mwalimu mstaafu. Mama ni mtunza hesabu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Binti yao mkubwa amemaliza chuo na bado anangoja ajira, na katika kungoja huko ameweka kompyuta ya mezani na printa katika chumba cha mbele. Anachapa barua na kutoa nakala, na msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukiwadia, vijana hujaa barazani. Huja na vyeti vya kuzaliwa vilivyohakikiwa na RITA, vitambulisho vya NIDA vya wadhamini, picha ndogo, na walio yatima huja na vyeti vya vifo vya wazazi wao. Binti huviskani vyote na kumfungulia kila mmoja folda yake. Kompyuta hiyo, basi, ni ya nyumba moja, lakini karatasi zilizomo ni za nyumba nyingi.

Asubuhi moja aliiwasha akakuta majina ya mafaili yote yameota mkia wa herufi nne asizozijua, na hakuna hata moja lililokubali kufunguka. Katika kila folda palikuwa na barua fupi ya Kiingereza. Baba yake aliisoma mara mbili, kisha akavua miwani. Barua ilisema kwamba mafaili yamefungwa kwa ufunguo, na kwamba ufunguo wauzwa dola 980, ila atakayewahi ndani ya saa 72 atapunguziwa nusu, alipe dola 490. Hata hiyo nusu ni zaidi ya shilingi milioni moja, na nyumba ile haikuwa nayo.

"Wanangu," mama alituuliza tulipokuwa tumekwisha kunywa chai, "hivi kosa letu sisi lilikuwa lipi? Maana kila anayekuja hapa anasema ni kwa sababu tuliondoa antivairasi."

Swali la mama lilikuwa zito kuliko lilivyosikika, kwa kuwa katika nyumba ile ulinzi uliguswa mara mbili, na mara hizo mbili hazifanani.

Mara ya kwanza ilikuwa mwanzoni kabisa. Kompyuta ile ilinunuliwa Mwanza, ikiwa imeshatumika kwingine. Ndani yake palikuwa na antivairasi ya majaribio ambayo muda wake ulikwisha tangu enzi za mwenye nayo wa kwanza. Kila ilipowashwa, dirisha jekundu lilijitokeza kudai malipo. Mashine yenyewe ilikuwa na kumbukumbu ndogo na diski ya zamani ya kuzunguka, ikawa barua ya ukurasa mmoja yachukua muda wa kuchemsha uji kufunguka. Kijana wa familia aishiye Mwanza akasema kwa simu: iondoeni. Wakaiondoa.

Hilo halikuwa kosa, na tunalisema wazi kwa sababu wako wasomaji wengi wanaovumilia adha hiyo kwa hofu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, na zaidi tangu Windows 10 ya mwaka 2015, kompyuta huja na mlinzi wake wa ndani, aitwaye Defender, asiyedai malipo. Akiingizwa mlinzi mwingine wa kununua, Defender husogea kando kwa adabu. Yule mwingine akiondolewa sawasawa, Defender hurejea mwenyewe. Antivairasi iliyokwisha muda na isiyopata taarifa za virusi vipya yaweza kuwa mbaya kuliko kutokuwepo, kwa kuwa hukalia kiti cha mlinzi ilhali imesinzia. Na mbili zikifanya kazi kwa pamoja, kila moja hulikagua faili lile lile na kuituhumu mwenzake, na mashine ndiyo inayochoka.

Tunasisitiza neno sawasawa. Kuifuta folda ya antivairasi kwa mkono si kuiondoa. Iondolewe kupitia mipangilio ya Windows, katika orodha ya programu, kisha kompyuta izimwe na kuwashwa tena. Baadhi huacha mabaki, na Defender akiyaona mabaki hayo hudhani mwenzake bado yupo zamu. Kwa ajili hiyo, kampuni kama McAfee, Norton na Kaspersky hutoa bure, katika tovuti zao wenyewe, programu ndogo ya kufagia mabaki ya bidhaa zao. Baada ya hapo fungua Windows Security uone kama alama ya kijani imerudi. Binti wa Nyashimo alifanya yote hayo ipasavyo, na mashine ikapata nafuu.

Wala hatutawalaumu watu wanaozichukia programu hizi. Tarehe 21 Aprili 2010, taarifa mpya ya McAfee iliyokosewa ililihesabu faili halali la Windows XP kuwa ni virusi, na kompyuta nyingi duniani zikashindwa kufanya kazi kwa dawa iliyokusudiwa kuziponya. Avast, ambayo wengi wetu tuliitumia kwa kuwa ni ya bure, ilibainika kuwa habari za tovuti walizotembelea watumiaji wake zilikuwa zikiuzwa kupitia kampuni yake tanzu; mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani iliitoza dola milioni 16.5. Kisha kuna bando. Mtu aliyenunua bando la siku moja ili atume maombi ya kazi, akaona linayeyuka kwa taarifa za virusi ambavyo hajapata kuviona, ana haki ya kukasirika. Nasi tumo. Tuliwahi kumzima mlinzi jioni moja tukiharakisha makala ya safu hii hii, tukakumbuka kumwasha baada ya siku nyingi.

Kwa bando, dawa ipo, nayo si kumzima mlinzi. Windows inaweza kuambiwa kwamba mtandao unaotoka kwenye simu ni wa kulipiwa kwa kipimo, nayo itajizuia kupakua mambo mazito. Kisha wewe mwenyewe, mara moja kwa juma, siku uliyo na bando la kutosha, fungua Windows Security uagize taarifa za virusi.

Sasa tufike mara ya pili, ambayo ndiyo iliyoiumiza nyumba ile.

Binti alihitaji programu ya kuandikia barua, ile ya Office. Leseni yake ni ghali kwa mtu anayelipwa kwa ukurasa. Akaitwa fundi, ambaye hatumtaji, na aliyefanya kama wafanyavyo mafundi wengi kuanzia Kariakoo hadi Kampala. Alichomeka fleshi yenye programu ndogo ya kuvunja kufuli la leseni. Defender akapiga kelele. Fundi akasema, "Usiogope dada, hiyo ni antivairasi tu inasema uongo." Akamzima kwa muda, akafanya kazi yake, akapokea ujira wake. Ili kelele zisirudi, akafungua orodha ya msamaha, yaani mahali ambapo Defender huelekezwa asikague, akaandika humo diski ya C, na chini yake diski ya D.

Diski hizo mbili ndiyo kompyuta yote.

Baada ya siku ile Defender aliendelea kuwaka, na alama ya kijani ilikuwa pale pale. Binti aliitazama mara kwa mara, kama tulivyomwelekeza katika safu hii, akaridhika. Hatukupata kuwaambia wasomaji wetu kwamba mlinzi anaweza kuwa macho, amevaa sare, na amepewa amri ya kutomgusa yeyote. Hilo ni pengo katika maandishi yetu, na tunaliziba leo: katika Windows Security, ndani ya mipangilio ya ulinzi dhidi ya virusi, teremka hadi chini kabisa kwenye orodha hiyo ya msamaha. Kwa kompyuta ya nyumbani inapaswa kuwa tupu. Ukikuta kitu usichokiweka wewe, kifute, kisha agiza ukaguzi wa kompyuta nzima.

Yatupasa tumtendee haki yule fundi, kwa kuwa maneno yake hayakuwa uongo mtupu. Programu nyingine za kuvunja leseni hukamatwa kwa sababu tu zinachezea leseni, hata kama hazina mwizi ndani. Hivyo kwa faili moja mahususi fundi huenda alisema kweli. Tatizo ni kwamba mwizi naye husema maneno hayo hayo. Anayetengeneza virusi vya kufunga mafaili anajua kwamba watu hutafuta programu za bure na michezo iliyovunjwa leseni, na kwamba wamekwisha kuzoea kumzima mlinzi wakiombwa. Hahitaji kuvunja mlango. Huandika tu katika maelezo yake kwamba hatua ya kwanza ni kuzima antivairasi.

Ndivyo ilivyotokea. Miezi kadhaa baadaye, mdogo wake binti, aliye kidato cha tatu, alirudi na fleshi ya rafiki yake yenye mchezo wa mpira. Usiku, wenzake wamelala, akaifungua. Maelezo yalimtaka azime ulinzi. Hakuona haja, kwa kuwa hakuna kilichopiga kelele. Mchezo haukufunguka, akachoka, akalala.

Kwa namna ya barua ile, kiasi kilichodaiwa na ule mkia wa majina, virusi vile ni vya ukoo uitwao STOP, au Djvu, ulioanza kuonekana mwaka 2018. Njia yake kuu ya kuenea imekuwa ndiyo hiyo: programu na michezo iliyovunjwa leseni. Haukulenga benki wala serikali. Walioumia zaidi ni wanafunzi, familia na watu wenye printa moja barazani.

Hapa pana habari ya kale ambayo twadhani inafaa kukumbukwa. Virusi vya kwanza kujulikana vya kompyuta za aina ya IBM PC viliitwa Brain, navyo viliandikwa mwaka 1986 katika mji wa Lahore, Pakistan, na ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi. Walikuwa wakiuza programu ya utabibu na walichoshwa na watu walioinakili bila kulipa. Wakatunga kitu kidogo cha kusafiri pamoja na nakala hizo za disketi, wakaweka humo majina yao, anwani ya duka na namba za simu. Hawakuficha kitu. Kwa hiyo virusi na nakala zisizolipiwa vilianza safari pamoja, na baada ya miaka arobaini bado vinapanda gari moja.

Turudi barazani. Jambo la kwanza binti alilofanya lilikuwa la busara bila yeye kujua: hakulipa. Kulipa hakumhakikishii mtu kurudishiwa mafaili yake, na fedha hizo ndizo zinazolisha kazi yenyewe. Jambo la pili lilikuwa la bahati mbaya: kabla hajaelewa lililotokea, alikwishaunganisha kompyuta na simu yake ili atafute msaada, na virusi vya ukoo huu mara nyingi huambatana na wezi wa nywila. Katika kompyuta ile palikuwa na faili moja lenye nywila za waombaji wote wa mikopo wa msimu ule, kwa sababu vijana huzisahau na huja kumuuliza.

Ikambidi awapigie simu mmoja mmoja. Alituambia kwamba hilo lilimwia zito kuliko hasara ya mafaili. Kila aliyepokea alipaswa kuambiwa kwamba nywila yake ibadilishwe leo, na kwamba nakala za vyeti alivyoviacha huenda zimeonwa na asiyestahili. Wengine walimshukuru. Mzazi mmoja alifoka na kukata simu. Baba yake, ambaye siku zote alikuwa akisema kompyuta ni mambo ya vijana, alikaa naye muda wote ule akimsomea namba kutoka daftarini. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini twadhani hata pasipo sheria hiyo familia ile isingefanya vingine. Vyeti vya watu vilikuwa amana mikononi mwao.

Hasara haikuwa kamili. Maombi yaliyokwisha kutumwa yalikuwa salama kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo. Vyeti halisi viko kwa wenyewe, na skani nyingi zilipatikana kwenye simu ya binti, kwa kuwa alikuwa amewatumia wateja kwa WhatsApp. Daftari la mama la kikundi ni la karatasi, na mama hakukosa kulitaja hilo mara kadhaa. Kilichokuwa hakina nakala ni sauti za marehemu bibi, alizorekodi baba akisimulia kwa Kisukuma habari za ukoo. Virusi vya ukoo huu, kwa kuwa vina haraka, hufunga sehemu ya mwanzo tu ya kila faili, kama kilobaiti 150, na viachapo mafaili ya sauti huweza kurekebishwa kwa programu maalumu. Kijana wa Mwanza alifanikiwa. Bibi anasikika tena, ila sekunde za mwanzo za kila simulizi zimepotea, na hizo ndizo alizokuwa akiwataja na kuwasalimia waliokuwa wamekaa naye.

Kompyuta yenyewe ilifutwa yote na kuwekewa Windows upya, kwa sababu mashine iliyokwisha kuingiliwa kiasi hicho haisafishiki kwa kuaminika. Badala ya Office iliyovunjwa kufuli wameweka LibreOffice, ambayo ni ya bure kwa haki na hufungua barua zile zile. Binti analalamika kwamba majedwali yake hujikunja kidogo, nasi hatumpingi. Orodha ya msamaha ni tupu. Mdogo wake amefunguliwa akaunti yake mwenyewe, isiyo na uwezo wa kuingiza programu wala kugusa ulinzi, na hilo ndilo ambalo tungependa kila mzazi mwenye kompyuta moja na watoto wengi alifanye kabla ya kumaliza kusoma gazeti hili. Nywila za wateja hazitunzwi tena. Mafaili hunakiliwa kila Ijumaa kwenye diski ya nje, nayo huchomolewa mara kazi ikiisha, kwa kuwa diski iliyochomekwa hufungwa pamoja na nyingine.

Walio na Windows 10 wakumbuke pia kwamba matengenezo yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imesema Defender ataendelea kupata taarifa za virusi humo hadi Oktoba 2028, ila mlinzi mzuri katika nyumba yenye ukuta uliopasuka ana kazi kubwa.

Anayepatwa na masaibu kama haya aripoti polisi, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayahusu. Nchi pia ina kikosi cha kushughulikia matukio ya kompyuta, TZ-CERT, kilicho chini ya TCRA.

Ama swali la mama, tulimjibu hivi: walipoondoa antivairasi ile iliyokwisha muda, waliamua wenyewe, kwa sababu waliyoijua, wakahakiki kwamba yupo mwingine wa kushika zamu. Ulinzi ulipozimwa mara ya pili, aliyetaka uzimwe ni yule yule aliyekuwa akiingia. Mama alifikiri kidogo, akasema kwamba hata mgeni akikuomba umfungie mbwa, wamtazama kwanza. Baba akacheka, mara ya kwanza tangu tufike.

Kabla hatujaondoka, binti alituonyesha kitu kimoja. Hakuyafuta mafaili yaliyofungwa. Aliyanakili yote, pamoja na ile barua, kwenye diski nyingine ya zamani. Virusi vya Djvu vikikosa mtandao vinapofanya kazi, hutumia ufunguo mmoja kwa watu wengi badala ya ufunguo wa kila mtu, na namba iliyomo katika barua huishia kwa herufi t na tarakimu 1. Namba yake iliishia hivyo, kwa kuwa usiku ule bando lilikuwa limekwisha. Mwezi Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa bure programu ya kufungua mafaili ya aina 148 za virusi hivyo, na funguo za namna hiyo ziliendelea kupatikana kidogo kidogo. Ufunguo wa mkia wake haumo bado. Diski ameifunga katika kitambaa na kuiweka kabatini, kwenye bahasha moja na vyeti vyao vya kuzaliwa.